Chokoleti Ndani ya Nyumba ya Mawe

Tulivuka kwa mashua kutoka Mokowe katika msimu wa kusi, tukaingia Lamu kumjulia hali dada yetu, aliyemaliza eda ya marehemu mumewe. Katika ile miezi minne na siku kumi ya kukaa nyumbani alijifunza kuyeyusha chokoleti na kuimimina katika kalibu. Kazi hiyo ndiyo ilishayo sasa mayatima wake watatu.

Nyumba yake ni ya kale, ya mawe ya matumbawe, kuta zake nene. Jiko liko juu darini, chini ya makuti. Chumba cha ndani kiko chini, kina kiza na ubaridi, na ukutani mna zidaka ambamo wazee walipanga vyombo vya kaure. Tulidhani chokoleti haina makazi katika mji wa joto, kwani mafuta ya kakao huyeyuka yapata nyuzi 34, chini ya joto la mwili. Kumbe waashi wa zamani walikwisha kumjengea dada yetu karakana.

Baada ya sala ya alfajiri tulipanda naye darini. Aliikatakata chokoleti nyeusi, akatia thuluthi mbili katika bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, bakuli lisiguse maji. Ilipoyeyuka aliiepua, akaongeza thuluthi iliyosalia, akakoroga taratibu mpaka ikapoa kufikia nyuzi 32 hivi. Kupoza huko ndiko kunakoipa mng'aro. Kisha akaiteremsha ndani, akaimimina, akazigonga kalibu mezani kutoa mapovu, akazipanga zidakani. Bakuli la pili liliingiwa na tone la maji, chokoleti ikashikamana kama udongo. Hakuitupa. Aliizidishia maziwa ya moto, ikalainika, tukainywa.

Siku hiyo palikuwa na maboksi 40 ya harusi ya kukabidhiwa baada ya alasiri. Chokoleti zilizomiminwa mchana uliotangulia, kwa haraka, zilikuwa zimeota ukungu mweupe wa mafuta.

"Mama, hazina madhara," alisema binti mkubwa. "Tuziweke chini. Nani ataziona?"

"Mwenye harusi alionyeshwa zinazong'aa, mwanangu. Za chini ni amana."

Akapeleka maboksi 30, na fedha za 10 akazirudisha.

Tulikumbuka kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni Madina, akakuta chini yake majimaji. Kisa hicho tumekisimulia mimbarini mara nyingi. Lakini asubuhi ile, moyoni, tulikuwa tumekwisha kukubaliana na mpwa wetu.

Wakati wa kuagana tulipewa zile zenye ukungu ziwe masurufu ya njiani. Tulizila Mokowe kabla hazijayeyuka, na utamu wake ulikuwa kamili. Mwenyezi Mungu azibariki chumo za halali za wajane wetu. Amin.