Kupandisha Alama za GMAT kwa Aliyezoea KCSE

GMAT ni mtihani ambao shule nyingi za biashara duniani huutumia kuwapima waombaji wa MBA. Muundo wake mpya, ulioanza mwishoni mwa 2023, una alama kuanzia 205 hadi 805, na alama hizo hazilingani na za muundo wa zamani: 645 ya leo inakaribiana na 700 ya wakati ule. Mwombaji wa Nairobi anayejipima kwa 700 aliyoisikia kwa waliomtangulia anaweza kujiona ameanguka kumbe yuko pazuri.

Alama zikiwa za chini kweli, aliyesoma Kenya huilaumu hisabati yake, na mara nyingi huionea. Hesabu zenyewe hazipiti sana za sekondari: aljebra, asilimia na uwiano; jiometria imeondolewa. Kinachomwangusha ni mazoea. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mtahiniwa hupekua karatasi nzima, huanza na mepesi, na hupewa alama za njia hata jibu likikosewa. Sehemu ya pili ya karatasi ya hisabati humpa maswali 8 achague 5. GMAT haina fadhila hizo. Swali huja peke yake kwenye skrini, halipishi jingine mpaka lijibiwe, na ugumu wa linalofuata hutegemea majibu yaliyotangulia. Kompyuta haisomi njia. Kikokotoo huruhusiwa katika sehemu ya uchambuzi wa data tu. Muda ukibaki mwishoni mwa sehemu, mtahiniwa anaweza kubadilisha majibu yasiyozidi 3, na anayeacha maswali bila kuyajibu hupunguziwa alama.

Sehemu ya hisabati ina maswali 21 kwa dakika 45, yaani dakika mbili na ushei kwa kila moja. Anayeng'ang'ania swali moja kwa dakika tano, akiandika kila hatua kama alivyofunzwa, huyanyima muda maswali mengine ambayo angeyapata. Kubahatisha jibu na kusonga mbele, tabia ambayo darasani Kenya ingeitwa uvivu, hapa ni ujuzi wa kufanyiwa mazoezi kwa saa mkononi.

Kufululiza pasti pepa (karatasi za mitihani iliyopita), silaha kuu ya tuisheni za Kenya, hakusaidii sana. Watahiniwa wa Marekani wanaojiandaa vizuri huanza na jaribio kamili (tovuti rasmi inatoa mawili bila malipo), kisha huweka daftari la makosa. Kila swali lililokosewa huandikiwa sababu: kanuni haikujulikana, swali lilisomwa vibaya, au muda uliisha. Yaliyopatikana kwa kubahatisha huingia pia. Baada ya wiki chache daftari huonyesha pa kutilia nguvu, na mara nyingi si pale mtahiniwa alipodhani.

Kurudia mtihani nako kunatazamwa tofauti. Nyumbani, aliyerudia KCSE huona haya. Kwa GMAT kurudia ni kawaida: kunaruhusiwa baada ya siku 16, hadi mara 5 katika miezi 12, na mtahiniwa huona alama zake kabla ya kuamua shule gani zitumiwe. Siku 16 hazitoshi kubadili mazoea ya miaka, na ada inazidi dola 200, kwa hiyo anayelenga awamu ya kwanza ya maombi Marekani, ambayo kwa shule nyingi hufungwa Septemba, afanye mtihani mara ya kwanza mapema mwaka huo ili abakiwe na miezi ya kujirekebisha.