Kwa Kinga Mpaka Fizi

Tunawaandikia sisi wawili, mume na mke, wakaaji wa Nundu katika Fizi, Kivu ya Kusini. Anayeshika kalamu ni mume, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Anayesahihisha ni mke, aliyekuwa mkunga, naye amekwisha kufuta mistari mitatu kabla hatujaanza vizuri. Tulistaafu mwaka 2015. Tulipewa barua ya shukrani. Fedha za uzeeni zinakuja, wanasema.

Mwaka uliofuata kijana wetu, aliyepelekwa Denmark kutoka kambi ya wakimbizi, alitupa habari kwa simu. Majirani wake, mzee mmoja na mkewe, wote wamestaafu, walikuwa wamefunga mizigo juu ya baiskeli wakaenda toka Berlin hata København, safari ya kilomita zaidi ya 600, wakilala hemani, na penye bahari wakivuka kwa meli. Tukamwuliza, “Walikwenda kumzika nani?” Akajibu kwamba hapakuwa na msiba. “Basi waliuza nini?” Hawakuuza kitu. Walitembea tu.

Akatueleza kwamba huko njia za baiskeli zimepewa namba nchi nzima tangu mwaka 1993, tena wakati wa kiangazi jua huchelewa sana kutua, na nchi yenyewe ni tambarare: kilima kirefu kupita vyote kina mita 171 tu juu ya bahari. Hapo mke akacheka sana. Maji ya ziwa letu Tanganyika yako mita 770 hivi juu ya bahari. Ndiyo kusema mvuvi wa Nundu, akiwa ameketi ndani ya mtumbwi wake, yuko juu kuliko mlima mkubwa wa Wadenmark!

Tulicheka, lakini neno lile halikututoka. Usiku mke akasema, “Sisi njia ya Baraka tumeipita mara ngapi bila mzigo na bila kilio?” Tukahesabu. Hata mara moja.

Tulikuwa na kinga mbili (ndivyo tuitavyo baiskeli kwetu), moja ya mwalimu, kuukuu, ya chuma kizito, na moja ya kuazima. Mke alijifunza kuendesha katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Tanzania, kwa kinga ya mwenzake wa kazi, maana wazazi hawangoji mkunga afike kwa miguu. Mwezi wa saba mwaka 2016, mvua zilipokwisha na mito itokayo milima ya Itombwe ilipopungua, tukafunga safari. Tulimwarifu mkubwa wa kijiji, tukawauliza waliotoka Baraka, kwa maana kwetu njia huulizwa hali yake kama mgonjwa. Hema hatuna. Tulichukua mkeka, blanketi, sufuria, unga wa muhogo, dagaa wakavu, pampu, solusheni na vipande vya mpira. Fundi wa kinga alitukazia breki, akauliza tunapeleka mzigo gani Fizi. Tulipomjibu kwamba hakuna, akakaza tena, kama mtu adhaniye hakusikia vizuri.

Siku ya kwanza tuliona raha kweli. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Burundi yaonekana ng'ambo kama moshi, na wavuvi walikuwa wakianika dagaa mchangani. Watoto walitukimbilia wakipiga kelele, “Angalieni nyanya anapanda kinga!” Mke aliwapigia kengele. Mwalimu hakupigiwa kelele na mtu, akanung'unika kidogo.

Ila katika kila kijiji akina mama waliacha kazi wakatuambia, “Poleni. Ni nani aliyekufa?” Tulieleza mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ya sita mwalimu akachoka, akasema, “Twaenda kumwona ndugu mgonjwa.” Mke akashuka katika kinga yake papo hapo. “Mwalimu mzima,” akasema, wala hakuongeza neno mpaka kijiji cha mbele.

Hata tulipokaribia Lweba, tukanyamaza wote wawili. Tulipita pale kwa nguvu, tukikanyaga bila kutazama kando, kama watu wanaofukuzwa na mvua. Sababu yake tutaieleza.

Baraka tulipokewa na ndugu, tukala ugali, sombe na mikebuka, tukakaa Jumapili yote. Mji ule uko kwenye ghuba, na rasi ya Ubwari imeukinga na mawimbi makubwa kama mkono wa mtu anayelinda taa. Jioni tulikwenda ufukweni, palepale tulipopanda mashua mwaka 1996. Mwezi wa kumi mwaka ule vita vilishuka kutoka Uvira, na watu wa pwani yote hii wakakimbilia kusini, kisha wakavuka ziwa kwenda Kigoma. Tulikaa Nyarugusu miaka kumi. Mwaka 2006 tulirudi kwa meli ya wakimbizi toka Kigoma, tukashuka papo hapo Baraka. Basi tukaketi mchangani tukanunua karanga. Ni ajabu kuketi mahali kama hapo bila kushika mzigo. Mikono haijui iende wapi.

Njia ya kupanda Fizi sina haja ya kuisifu. Kinga ilipanda juu yetu zaidi kuliko sisi tulivyopanda juu yake. (Mke asema niandike kweli: yeye alisukuma zake zote mbili mahali pawili, mwalimu alipokuwa ameketi chini ya mti.) Tulikutana na vijana wanaoteremka na magunia ya muhogo na makaa, kinga zisizo na breki, wakizuia mwendo kwa kukandamiza kandambili juu ya mpira wa nyuma. Kwao kinga ni punda. Walitusalimu kwa heshima, “Shikamoo mzee, shikamoo mama,” lakini macho yao yaliuliza ni wazee gani hawa wajichoshao bure. Tuliona haya kidogo. Mtu aliyechoka kwa kutafuta chakula huona vigumu kumwelewa achokaye kwa kupenda, na sidhani kama yeye ndiye mwenye kosa.

Tulipogeuka nyuma, ziwa lilikuwa chini yetu, pana na kimya. Hapo tulikaa muda mrefu. Kama wazee wale wa Denmark wangalitualika kwao, tungaliwaalika mahali hapo.

Usiku Fizi kuna baridi kwa watu wa ziwani. Hatukulala. Ndipo tukaongea habari ya Lweba.

Mwaka ule wa 1996 tulikuwa pamoja na mama yake mwalimu. Miguu yake ilivimba njiani. Tulipofika Lweba hakuweza kuendelea, nasi tulikuwa na watoto wanne. Mvuvi mmoja na mkewe, watu tusiowajua, wakasema, “Mwacheni hapa.” Tukamwachia mkeka, nguo na sahani yake ya bati yenye maua ya buluu. Tukamwambia, “Mama, wiki mbili.” Tuliposhuka melini mwaka 2006 tukaambiwa kwamba alikufa mwaka 1998. Tangu hapo tulipita Lweba mara nyingi ndani ya gari. Tulisema gari haliwezi kusimama kwa ajili ya abiria wawili. Dereva hakuulizwa hata siku moja.

“Juu ya kinga,” mke akasema gizani, “hakuna dereva.”

Kurudi, njia ilikuwa mteremko, lakini mwalimu alishika breki sana. Siku ya pili, saa nne hivi, tukashuka Lweba na kuuliza. Mvuvi alikwisha kufa. Mkewe alikuwa hai, mnene, mwenye sauti kubwa, akimenya muhogo uani. Alimtazama mwalimu usoni akasema, “Wewe una pua ya mama yako. Mbona mmekawia?”

Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi. Hatukuyatumia. Alitupeleka nyuma ya nyumba, penye mwembe, akatuonyesha mawe matatu. Kisha akaanza kusimulia, wala hakutuonea huruma. Mama alikuwa mgomvi kwa habari ya chumvi. Alikataa dagaa wa jana. Aliwafundisha wasichana wa nyumba ile kusuka mikeka, akawachapa waliosuka vibaya. Aliugua kifua siku nane. Hakuuliza tulikuwa wapi. Alisema tu kwamba wiki za mwanawe ni ndefu, tangu utoto alikuwa mbaya wa hesabu.

Mwalimu wa hesabu alilia pale, na mkunga pia.

Akatupikia. Chakula kikaletwa juu ya sahani ya bati yenye maua ya buluu, ukingo umemenyeka upande mmoja. Mwalimu aliishika asiiachie. Mama yule akamtazama akasema, “Hiyo siwezi kukurudishia. Alinipa mimi, na wajukuu wangu wamekulia humo.” Tukasema ni haki. Tulikula mpaka ua la mwisho likaonekana.

Tulimwachia blanketi na dagaa waliosalia, akapokea bila sherehe, akatutaka turudi kiangazi kingine na chumvi.

Jioni tuliingia Nundu, kinga zikilia kwa vumbi. Majirani wakatoka nje. “Poleni kwa safari,” wakasema. “Ni nani aliyekufa?”

Tukawatajia jina la mama. Wakaenda kuchukua mikeka yao, wakaja kuketi nasi mpaka usiku.