Ngo na Pu

Baba mdogo wangu ni fundi wa mitumbwi kando ya Ziwa Kivu. Mwaka jana mtu mmoja alimletea boti ya mbao ya kutembeza wageni, imepakwa rangi mpya, akitaka atengenezewe injini tu. Baba mdogo alichukua nyundo ndogo, akagonga ubavu wa boti kutoka mbele hadi nyuma. Mahali pengi palisema ngo. Karibu na injini pakasema pu.

"Umesikia, mutoto? Hapa mbao imeoza."

Mwenye boti alicheka. "Papa, uko na karatasi gani ya kusema vile?" Akalipa kazi ya injini, akaenda zake.

Swali hilo liliniudhi, lakini nililifuata. Nikasoma kuhusu wakaguzi wa boti za starehe huko Uingereza, nikidhani nitakuta elimu nyingine kabisa. Nikakuta nyundo. Wao pia hugonga, hata boti za faiba, wakisikiliza mahali sauti inapofifia. Kisha huongeza kipima unyevu. Nikakuta pia kwamba huko sheria haimzuii mtu asiye na cheti kujiita mkaguzi. Ndiyo maana vyama vyao huwachuja wanachama, na kampuni za bima mara nyingi hukataa boti iliyozeeka mpaka zipate ripoti ya mkaguzi zinayemwamini.

Mimi mwanafunzi wa lugha, nilivutwa zaidi na ripoti zenyewe. Mkaguzi hutenganisha alichokiona na ambacho hakukifikia, kama vile sehemu iliyofunikwa na sakafu. Akiandika "nimeona" bila kuona, anaweza kushtakiwa. Basi cheti hakimpi mtu masikio. Kinalifanya neno lake limfunge yeye mwenyewe, na kimfunge pia mwenye boti.

Neno la baba mdogo halimfungi mtu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilizama karibu na Kituku, Goma, ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Haikuwa habari ya mbao iliyooza. Hata hivyo, naona kasoro ni ileile: alikosekana mtu ambaye "hapana" yake ingeizuia isiondoke.

Likitungwa siku moja jaribio la wakaguzi wa boti zetu, ningependa lifanywe kwa Kiswahili, na lianze na nyundo. Kwa hiyo kila likizo ninaandika msamiati wa baba mdogo: ngo, pu, na tefu, yaani mbao iliyonywa maji lakini bado inaponyeka. Juzi alinifunga macho kwa kitambaa, akagonga mara kumi. Nilikosea nne.

"Haujaiva," akasema. "Usitie kwanza jina lako ku karatasi."

Boti ile bado inatembeza wageni.