Lango la Logansport

Kando ya Ziwa Maxinkuckee, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, ipo shule ya Culver, iliyoasisiwa mwaka 1894, ambako vijana huandaliwa kwa chuo kikuu chini ya nidhamu ya kijeshi. Mwisho wa juma wahitimu wanaporejea kukutana, wenye mvi hupiga gwaride tena, na masimulizi huwa ni ya kikosi cha farasi weusi, kilichoandamana Machi 1913 Woodrow Wilson alipoapishwa urais.

Mgeni ningemshauri, ndugu msomaji, aliache gwaride akasimame langoni. Wiki tatu tu baada ya maandamano yale, Mto Wabash ulifurika ukaumeza mji wa Logansport. Mashua za mazoezi zilipakiwa kwenye garimoshi, na wavulana wa shule wakavuta makasia mitaani, katika mkondo mkali na baridi, wakiwatoa watu majumbani mwao. Waliookolewa walizidi elfu moja. Sisi wa pwani twajua kasia linavyochubua viganja, tena katika maji matulivu! Watu wa Logansport wakaijengea shule lango hilo kwa shukrani, nalo lingali wazi kwa kila mhitimu arudiye.