Daftari la Kuuza 404

Jumamosi, 10 Agosti 2024
Rangi imekauka. Sasa kazi ni tangazo, na tangazo lanishinda kuliko kuchomelea. Kijana wangu aliniandikia kwenye simu: "Peugeot 404 pikapu, imefufuliwa, kama mpya." Nimefuta "kama mpya". Milango ni ya zamani. Boneti ni ya zamani, imenyooshwa kwa nyundo. Sakafu ni bati jipya, na vizingiti vya milango pia, maana vile vya kwanza vililiwa na chumvi hadi kidole kikapenya. Kona ya nyuma ya kebini, upande wa dereva, ina pati chini ya rangi, unene wa sarafu. Yote nimeyaandika kwenye karatasi, safu mbili: kilichobadilishwa na kilichobaki.

Injini ni ile ile ya sentimita za ujazo 1618, imelala ubavu kwa nyuzi 45 kama ilivyotoka kiwandani. Laina na pistoni ni seti mpya. Hapo ndipo Wafaransa walipotufaa: laina zimesimama ndani ya maji, wazing'oa, wapachika nyingine, bloku haiendi kuchongwa. Hedi ni ya aluminiamu. Ilishawahi kuchemka mikononi mwa mtu, nikaipeleka kusawazishwa.

Bei ya kuanzia, milioni moja na laki moja. Bei ya mwisho siiandiki hata humu.

Jumanne, 13 Agosti
Dalali kaja kabla ya simu ya mteja hata mmoja. Kaisoma karatasi, kaikunja, kanirudishia. "Mzee wangu, hii itie mfukoni. Mteja hununua kwa macho."

Nikamwambia mteja wa magari ya zamani huja na sumaku. Huipitisha juu ya rangi polepole, na pale isiposhika anajua ni pati. Heri aikute kwenye karatasi yangu kuliko kwenye sumaku yake.

Halafu akaitazama mita: elfu thelathini na nane. Akataka tangazo liseme hivyo. Mita ina tarakimu tano tu. Imezunguka mara ngapi ajua Mungu. Nimeongeza mstari: "Mita isiaminiwe." Dalali aliomba asilimia kumi, akapata chai.

Jumapili, 18 Agosti
Bwana wa Nairobi, kashuka na treni ya jana. Anataka kuipeleka kwenye maonyesho ya Concours, uwanja wa farasi wa Ngong, yale yaliyoanza 1970. Heshima anayo, pesa anazo. Tatizo lake ni hadithi. Kila akigusa bodi anasema, "Hii ndiyo gari ya Safari."

Ni kweli 404 ilichukua mbio za magari za Safari mara nne. Mwaka 1963 na 1968 ni Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ni Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell. Ile ya 1963 yalianza magari 84, yakafika 7. Ile ya 1968 yakaanza 93, yakafika 7 tena, na mbele ni 404 mara zote mbili. Sifa hizo ziliuza Peugeot kwetu kuliko tangazo lolote. Mtu aliona gari limetoka topeni likiwa la kwanza, naye nyumbani kwake barabara ni tope, basi hesabu ikawa nyepesi.

Lakini zilizoshinda ni saluni. Hii ilibeba nazi na saruji. Kuiita ya Safari ni kumvisha mchukuzi nishani kwa kuwa kakaye alishinda mbio. Bwana yule akacheka, kisha akauliza kama milangoni panaweza kuchorwa namba ya mashindano. Akiinunua ni yake, achore atakacho. Ila kwenye karatasi yangu Safari haiingii. Akasema atafikiri.

Alhamisi, 22 Agosti
Mama wa samaki kutoka Shimoni. Marehemu mumewe alikuwa na 404 kama hii. Alipanda, akashika usukani, akaipata gia pale ubavuni mwa usukani bila kutazama. Anataka kuleta samaki Mombasa, barafu na makasha, kila alfajiri.

Hapa gereji wote wakawa upande wake. Mpe, wakasema, gari la kazi lirudi kazini. Maneno hayo ni matamu kwa asiyelipia spea. Kilichozimaliza 404 ni hiyo hiyo kazi. Kenyatta aliporuhusu matatu mwaka 1973 zifanye kazi bila leseni ya kubeba abiria, kila mwenye pikapu akawa na biashara. Mabenchi mawili nyuma, turubai juu, watu ndani mpaka wa mwisho ananing'inia, springi zimelala kabisa. Zilizookoka mzigo, huku pwani zikamalizwa na maji ya chumvi yanayovuja kutoka kwenye makasha ya samaki. Ndiyo maana sakafu ya hii ilibidi iwe bati jipya.

Na difu yake si ya kawaida. Ni skurubu inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Fundi wa njiani akiimwagia oili yoyote ya difu aliyo nayo, ile yenye salfa, shaba italiwa taratibu, na siku ikikwama hakuna duka la kukimbilia asubuhi. Samaki hawangoji.

Nikamwambia, "Mama, chukua Probox. Spea zake zauzwa kila kona."
"Waniona siwezi kulipa?"
"Nakuona utalipa mara mbili."
Alishuka bila kunijibu. Alipofika lango la gereji akageuka na kuuliza Probox nzuri huangaliwa wapi kwanza. Nikamwambia chini, sakafuni, kama hii.

Jumatatu, 26 Agosti
Mvua ya kusi. Maji kidogo yameingia kwenye raba ya kioo cha mbele. Raba nyingine imewekwa mchana. Mstari wake nimeuacha kwenye karatasi na kuongeza tarehe.

Jumamosi, 31 Agosti
Bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni Diani, kaja na fundi wake, kijana. Kijana kavuta sumaku mfukoni, nikafurahi. Kalala chini ya gari muda mrefu, karatasi yangu kifuani, kalamu mkononi, anatia alama mstari kwa mstari. Akatoka na vumbi mgongoni.

"Mzee, mbona umejiandikia kasoro?"
"Ili usije ukanipigia simu usiku."

Bibi naye akaitumia karatasi ile ile dhidi yangu: kwa pati hii nitoe elfu hamsini, kwa mita hii nitoe nyingine. Ndiyo gharama ya kuandika ukweli, na nilishaiweka ndani ya bei tangu mwanzo. Tumefika laki tisa na themanini.

Gari litabeba mizigo ya wageni kutoka uwanja wa ndege wa Ukunda, na maharusi. Mwendo mfupi, mzigo mwepesi. Masharti yangu ni matatu, kayakubali: lilale chini ya paa mbali na ufuo, lioshwe chini kwa maji baridi ya bomba kila wiki, na oili ya difu itoke kwangu tu.

Jioni bwana wa Nairobi akapiga simu kuuliza bei ya mchoraji. Nimemwambia imeuzwa.

Jumanne, 3 Septemba
Uhamisho wa umiliki tumeufanya kwenye eCitizen, mimi natuma, yeye anakubali. Pesa zimeingia.

Hesabu: gari lenyewe, bati, seti ya injini, rangi, mafundi, laki saba na ishirini. Kimebaki laki mbili na sitini. Saa za mikono yangu mwenyewe sikuziweka, na nikiziweka hapabaki kitu. Kijana wangu kauliza basi kwa nini nilifanya. Nikamfungulia ukurasa mpya wa daftari: "404 ya Diani. Oili ya difu, breki, raba ya kioo." Gari la aina hii huuzwa mara moja na kutunzwa miaka, na mtunzaji hulipwa kila linaporudi.

Karatasi ya safu mbili, bibi kachukua nakala, ya kwanza iko kwangu. Siku akiliuza, mnunuzi wake aje hapa alinganishe.

Huduma ya kwanza: mwanzo wa Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajashuka.