Kwenda, Kurudi na Kuletwa: Mafunzo ya Siku Mbili Mjini Ibra

Utangulizi

Mtalii anayetaka kuiona miji ya kale ya bara ya Oman aghalabu huelekezwa Nizwa, penye ngome ya mnara mnene wa mviringo iliyojengwa katika karne ya 17 wakati wa maimamu wa Kiyaarubi, au Bahla, ambako ngome ya udongo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Ibra haina sifa kubwa kiasi hicho. Ni mji wa Sharqiyah Kaskazini, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Muscat, karibu na jangwa la mchanga ambalo zamani likiitwa Wahiba na siku hizi huitwa Mchanga wa Sharqiyah. Nilikwenda huko mwezi wa Novemba, mwaka 2023, nikiwa likizoni, bila hojaji wala kinasasauti. Hata hivyo, mtu aliyefundisha isimu kwa zaidi ya miaka ishirini hawezi kuyaacha masikio yake hotelini.

Makala haya si ripoti ya utafiti. Ni tafakuri juu ya vitenzi vitatu nilivyovisikia katika soko moja: kwenda, kurudi na kuletwa. Hoja yangu ni kwamba vitenzi hivyo hugawa watu wa mji mmoja katika mafungu ambayo hesabu ya wasemaji wa Kiswahili peke yake haiwezi kuyaonyesha.

Kwa Nini Ibra

Nililijua jina kabla ya kuujua mji. Mimi ni Mzigua, mzawa wa Handeni, na katika nchi ile hakuna mwanafunzi asiyesikia habari za Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Tulifundishwa matendo yake. Hatukufundishwa nisba yake. Al-Harthi ni mtu wa kabila la Hirth, na Ibra ni mojawapo ya makao makuu ya kabila hilo. Watu wa kabila hilo walikuwa na nguvu Unguja kiasi cha kuthubutu, mwaka 1859, kumuunga mkono Barghash alipojaribu kumpindua ndugu yake, Sultani Majid. Kwa hiyo, jina lililofia Pangani lina mizizi kwenye bonde la mitende lililo mbali na bahari. Nilitaka kuliona bonde hilo.

Mji na Maji Yake

Ibra ya kale imegawanyika sehemu mbili, Alaya ya juu na Sufala ya chini. Kwa jadi, Alaya ni ya kabila la Masakira na Sufala ni ya Hirth. Vilima vinavyouzunguka mji vimesimamishiwa minara midogo ya ulinzi. Katika Sufala mna mitaa ya zamani ya Minzafah na Qanatir, yenye majumba ya ghorofa, matao na vichochoro vyembamba. Baadhi ya majumba yamekarabatiwa. Mengine yameporomoka, nayo dari zake zimelala juu ya sakafu. Anayetoka pwani yetu hatayatazama kama mgeni kabisa, kwani vidaka vya ukutani na milango iliyochongwa atakuwa ameviona Unguja na Lamu.

Mji kama huu haungekuwapo bila falaji, yaani mfereji unaoteremsha maji kutoka chini ya ardhi au mabondeni hadi mashambani kwa nguvu ya mteremko peke yake. Oman ina mifereji ya namna hiyo ipatayo 3,000 ambayo hadi leo hutiririsha maji, na mitano kati yake iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa zamu za muda, nazo zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Kipimo kimojawapo, cha kama nusu saa, huitwa athar. Neno hilo tunalo katika Kiswahili, athari, kwa maana ya alama au matokeo yabakiayo baada ya jambo kupita.

Kijana aliyetutembeza alieleza kwa fahari kwamba majumba ya Minzafah yalijengwa kwa mali ya Zinjibar. Aliitaja karafuu, akaitaja na pembe ya ndovu. Nilingoja aitaje bidhaa ya tatu, lakini akaendelea na habari za milango. Wala simlaumu, kwa sababu vibao vya kitalii nilivyovisoma mjini mle navyo viliishia kwenye karafuu na pembe. Mkataba wa mwaka 1845 kati ya Sayyid Said na Waingereza ulikataza watumwa wasisafirishwe kutoka Afrika Mashariki kwenda Arabuni, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Makatazo yote mawili yalivunjwa kwa magendo. Katika Oman yenyewe utumwa ulifutwa mwaka 1970. Katika karne ya 19 tende za Oman zilikuwa zikiliwa hata New York, na miongoni mwa walioinywesha na kuiparamia mitende ya nchi ile walikuwamo Waafrika wengi waliovushwa bahari bila hiari yao.

Soko la Jumatano

Kila Jumatano Ibra huwa na soko la wanawake. Wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake. Wanaume hawatakiwi kuingia. Huuzwa vitambaa, wanja, ubani, viungo, manukato na kazi za mikono. Nilikuwa nikipekua vitambaa nilipomsikia muuzaji, mama wa miaka sabini na ushei, akimwambia msichana aliye kando yake, "Hebu sogeza kile kikapu, mgeni apite." Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

Lafudhi yake ilikuwa ya Unguja mjini. Alisema "skuli", alisema "nnakuja", na alipouliza habari za serikali hakutumia maneno ikulu wala bunge, ambayo Kiswahili sanifu cha Tanzania kiliyachota katika lugha za bara. Alizaliwa Unguja, na aliondoka akiwa msichana. Nilipomuuliza wamefikaje Ibra alinijibu kwa sentensi moja: "Babu alikwenda, sie tukarudi." Msichana, mjukuu wake, alikuwa akifuata mazungumzo yetu yote, akicheka mahali pa kuchekwa, lakini kila alipotaka kusema alisema kwa Kiarabu.

Meza ya jirani alikaa mama mwingine wa umri ule ule, mweusi kunishinda mimi. Mwenyeji wangu aliona ninakotazama. "Huyo hajui Kiswahili," akasema bila ubaya wowote. "Wazee wao waliletwa." Yule mama, alipoona anatajwa, alitabasamu na kunisogezea kahawa na sahani ya tende. Tulikunywa sote watatu, wawili tukiongea na mmoja akiangalia.

Sarufi ya Vitenzi Vitatu

Tuvitazame vitenzi hivyo kama tunavyovitazama darasani. Kwenda kuna mtenda mwenye nia. Babu alikwenda: alichagua siku yake, alipanda jahazi, alijua anakoelekea. Kurudi kunadai zaidi, kwa kuwa huwezi kurudi mahali usipowahi kuwapo. Mama yule hakuwahi kuiona Ibra kabla ya kuhamia, wala hakuwa peke yake. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 na, hasa, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani walio ng'ambo, maelfu ya watu walitoka Unguja, Tanganyika, Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo wakahamia nchi ambayo wengi wao hawakuizaliwa. Wengi hawakukijua Kiarabu vizuri, na waliitwa Wazanzibari hata wale waliotoka Bujumbura. Hata hivyo walisema, na bado husema, "tulirudi". Kiambishi tu- katika neno hilo kimembeba na babu. Kinachowapa haki ya kukitumia kitenzi hicho ni nasaba: mtu ana jina la kabila na anajua babu yake alitoka mtaa gani.

Kuletwa kuna kiambishi -w- cha kutendwa. Katika muundo huo mtenda anaweza kuachwa na sentensi ikabaki kamili. "Waliletwa" hakumtaji aliyeleta. Wala hakutaji walikotoka. Sentensi ile fupi ya sokoni haina kosa la kisarufi, na hapo ndipo uzito wake ulipo, kwani lugha imempa msemaji njia ya kusema jambo zito bila kumgusa mtu yeyote, hata babu yake mwenyewe.

Hapa ndipo Uzigua wangu uliponikumbusha mfano wa tatu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Sehemu yao walitoroka wakajenga vijiji vyao katika bonde la mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua, na wajukuu wao wanaoitwa Wamushunguli wanakisema hadi leo. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na baadaye wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Waliposema kwamba wamerudi, wazee wa Kizigua waliwaelewa kwa lugha ile ile. Hawakuwa na hati wala orodha ya mababu iliyoandikwa; ushahidi wao ulikuwa midomoni.

Basi zipo njia mbili za kuweza kusema "tumerudi": nasaba na lugha. Mwenyeji wangu wa Ibra alikuwa na nasaba. Wamushunguli walikuwa na lugha, kwa sababu waliishi pamoja baada ya kutoroka. Mama wa meza ya pili hana ya kwanza wala ya pili. Wazee wake walitawanywa katika nyumba na mashamba ya watu, na kwa kawaida walioletwa walichukua majina ya makabila ya waliowamiliki. Hivyo ikawa kwamba, kati ya wanawake wawili wa soko moja, aliyekifahamu Kiswahili ni yule ambaye babu yake alitoka Ibra, na asiyekifahamu ni yule ambaye wazee wake walitoka kwetu.

Hitimisho

Tumezoea, sisi wa idara za Kiswahili, kuzungumzia uhusiano wa Kiswahili na Kiarabu kwa kuhesabu maneno ya mkopo, na kuzungumzia Kiswahili cha Oman kwa kukadiria idadi ya wasemaji. Kazi hizo zinafaa, na ile ya pili ina haraka, kwa kuwa wasemaji waliozaliwa Afrika Mashariki ni wazee sasa, na wajukuu wanaelewa bila kujibu. Lakini isimujamii inayowahesabu wasemaji tu itawaandika waliokwenda na waliorudi, na itawapita walioletwa, kwa sababu hawana Kiswahili cha kurekodiwa. Ukimya wao nao ni data. Pengine kuna wimbo wa kazi, jina la chakula, dawa au ngoma ambalo limebaki katika Kiarabu chao, nao hawajui lilikotoka. Mwanafunzi wa uzamili mwenye Kiarabu kizuri na subira anaweza kulitafuta.

Nina ombi moja kwa atakayekwenda. Atakaposikia kitenzi cha kutendwa katika masimulizi ya Ibra, asikiandike na kupita. Aulize kwa adabu, kama mgeni anavyopaswa, ni nani aliyeleta, na ni kutoka wapi.