Beni na Butembo: sahani hutuambia nani amefika

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 na uongozi wa jimbo la Kivu Kaskazini ukahamia hapa kwetu, kuna swali linalorudi kila wiki kwenye simu ya redio. Si la vita, ni la tumbo. "Papa wa redio, hapa Beni batu banakulaka wapi?"

Mmoja aliniachia ujumbe wa sauti. Alikuwa ametoka Goma akapitia Rwanda, akazunguka Uganda, akaingia tena nchini kwa Kasindi. Jambo la kwanza alilotaka kujua, hata kabla ya bei ya nyumba, ni kama kuna mama anayepika sambaza kama zile za Goma. Dakika mbili za hewani hazitoshi kumjibu mtu kama huyo, ndiyo maana naandika.

Nianze na Butembo, kwa sababu mimi ni mtoto wa kule. Butembo ya wazee wetu haikuwa mji wa kula nje. Mtu alianza biashara na bidoni moja ya mafuta ya mawese, akaweka franka juu ya franka, na yule aliyeonekana saa sita ya mchana ameketi kwenye restora alisemwa kwamba anakula mtaji. Nyumbani kulikuwa na bundu, sombe na maharagi, basi. Kinachochekesha ni kwamba wafanyabiashara haohao walikuwa wanapanda ndege mpaka Dubai, Hong Kong na Guangzhou tangu mimi sijaanza shule. Walileta vitambaa, pikipiki na vipuri, makontena yakapita Mombasa na Kampala mpaka Kasindi, lakini mapishi ya kule hawakuyaleta. Mjomba wangu mmoja, aliyefika China mara nyingi kuliko alivyofika Kinshasa, alikuwa anasafiri na unga wa muhogo kwenye sanduku. Alisema wali wa kule ni mzuri, ila haushibishi mtu mwenye mawazo.

Waliokula nje Butembo walikuwa madereva wa malori, wanafunzi waliopanga vyumba, na wageni. Mpaka leo malewa nyingi ziko karibu na maegesho ya magari, na chakula kinaanza kutoka mapema kwa sababu dereva haongoji. Rue d'Ambiance ilikuja na mambo yake, nyama ya kuchoma na muziki, lakini hata pale utaona watu wanakunywa kuliko wanavyokula.

Beni ni njiapanda. Barabara moja inatoka Kasindi na Uganda, nyingine inapanda Ituri, nyingine inashuka Butembo. Kwa hiyo sahani za Beni zimekuwa zikibadilika kadiri watu wanavyopita, na kwa bahati mbaya wengi wamepita kwa sababu ya shida zetu.

Kwanza walikuja askari wa nchi za nje. Baada ya Umoja wa Mataifa kuunda brigedi yake ya kuingilia kati mwaka 2013, tuliona Watanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini. Chakula chao kilipikwa kambini, lakini Mtanzania hawezi kupita mbele ya mtu anayeongea Kiswahili bila kusimama. Akina mama walikuwa wanacheka namna wale vijana walivyoomba: "Samahani dada, naomba chipsi mayai, tafadhali." Hapa kwetu mtu mwenye njaa anasema tu, "Mama, leta." Lakini yule dada aliyeitwa dada alitafuta mayai, akatafuta viazi, na viazi vya kukaanga na mayai vikapata nafasi yao kwenye makala yake.

Halafu ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na katikati yake tulizika zaidi ya watu 2,200. Waliokuwa hapa wanakumbuka ndoo ya maji ya klorini mbele ya kila mlango na kile kifaa cha kupima joto kwenye paji la uso kabla ya kuingia kula. Wanakumbuka pia magari. Waganga na wataalamu walifika kutoka Guinea, Senegal, Kameruni, Ulaya, Marekani na kutoka Kinshasa, na wote walitaka kula jioni. Ndipo kadi za vyakula zilipoanza kuandikwa kwa dola. Tuliona pizza Beni. Tuliona kuku aliyepikwa na vitunguu vingi na ndimu, wanaita yassa, kwa sababu Wasenegali hawakuchoka kuwaelekeza wapishi. Mpishi mmoja ninayemfahamu bado anaipika siku ya Jumapili. Anasema aliyemfundisha aliondoka bila kuaga, mkataba uliisha tu.

Sitaficha kwamba watu wa mji walitazama zile meza kwa hasira. Mtu anazika mtoto asubuhi, na jioni anapita mbele ya hoteli anasikia harufu ya nyama na vicheko. Maneno ya "biashara ya Ebola" hayakuanzia kwa wanasiasa peke yao. Yalipikwa pia pale, kati ya barabara na meza. Bei ya kuku ilipanda, kodi ya nyumba ikapanda, na wageni walipoondoka vitu hivyo havikushuka kwa haraka ileile.

Na ikaja Noeli ya mwaka 2021. Tarehe 25 Desemba mtu alijilipua mbele ya restora iitwayo In Box, katikati ya mji wa Beni, wakati familia zilikuwa zimekaa kusherehekea. Walinzi walimzuia kuingia ndani, lakini watu waliuawa, watoto miongoni mwao. Serikali ilisema ni kazi ya ADF, walewale wanaotuua mashambani tangu 2014. Naandika hili polepole. Kwa mtu wa Beni, kifo kilikuwa kinajulikana njia yake: shamba, barabara ya Mbau, kijiji usiku. Kumfuata mtu kwenye sahani ya sikukuu, na mtoto wake amevaa nguo mpya, hilo lilitubadilisha. Kwa miezi mingi watu walikula nje mchana tu, na walichagua kiti kinachotazama mlango. Mimi mpaka leo nachagua kiti hicho. Nimeona wengi wa rika langu wanafanya hivyohivyo bila kuambiana.

Kwa hiyo nikisema kwamba leo Beni na Butembo wanakula nje kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, muelewe uzito wake. Na waliorudisha moto huo kwa sehemu kubwa ni wakimbizi wa vita.

Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka, ikafuata Kirumba. Watu walipanda kuelekea Lubero na Butembo kwa miguu, kwa pikipiki, juu ya malori. Wengi hawakuingia kwenye kambi, walipokelewa na familia. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na tano. Na katika nyumba ya watu kumi na tano, mwenye nyumba hata akiwa na roho nzuri namna gani, sufuria inafika mwisho. Mama wa wageni analiona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Anaanza kutoka asubuhi, hataki kuonekana saa ya chakula.

Ndivyo alivyoanza mama mmoja wa Kanyabayonga ninayekula kwake kila nikishuka Butembo. Sitamtaja jina. Kule kwao alikuwa na restora ya mabati yenye meza nne. Hapa alianza na sufuria moja ya kuazima na turubai kando ya barabara. Siku ya kwanza alipika maharagi na viazi kama wanavyopika upande wa kwao, vimepondwa kidogo, na kitunguu kingi. Wateja wa Butembo walimwuliza bundu iko wapi. Alipoleta ugali wa unga wa mahindi, mzee mmoja aliubonyeza kwa kidole, akasema, "Hii ni ya kutengenezea uji." Mama akamjibu, "Mzee, kula kwanza, utanitukana kiisha." Yule mzee sasa ana kiti chake, na hakuna anayekikalia.

Sahani yake ni franka 3,000. Kwa familia iliyohama hiyo ni pesa nyingi, na nimeona zaidi ya mara moja baba ananunua sahani moja na kuomba vijiko vinne. Mama huyo haongei. Anapakua kama sahani moja, lakini ukitazama vizuri ni moja na nusu.

Kitu kingine kinachofanyika pale hakimo kwenye bei. Mtu wa Kirumba au wa Kayna akifika, haagizi kwanza, anauliza. Fulani alipita wapi? Yule mwalimu yuko Butembo au alivuka Uganda? Watoto wa dada yangu mulisikia? Sisi wa redio tunasoma matangazo ya watu wanaotafutana, na nawaambia kweli, turubai lile limekutanisha ndugu wengi kuliko kipindi changu. Ana pia daftari la madeni la Kanyabayonga, alilikimbia nalo ndani ya kitenge pamoja na karatasi za watoto. Nilidhani ni mzaha. Akanionyesha ukurasa: jina, tarehe, sahani mbili na chai, na juu yake mstari. Mdeni mwenyewe alimkuta Butembo, akalipa deni la kule.

Upande wa Beni, waliotoka Goma wameleta namna yao. Kwa ndugu aliyeuliza: sambaza za ziwa Kivu zimekuwa adimu na ghali, kwa hiyo akina mama wengi wanakaanga dagaa wa ziwa Albert wanaoshuka kutoka Ituri. Wakikauka vizuri na pilipili ya kutosha, utafumba macho utafika. Tafuta kuelekea Matonge, uliza akina mama wenyewe. Samaki wakubwa wanatoka ziwa Edouard, Kyavinyonge, siku ambazo wavuvi wameachwa wafanye kazi yao.

Halafu kuna Uganda. Wakonzo wa ng'ambo ya Rwenzori na sisi Wanande tunasikilizana lugha, kwa hiyo chakula chao hakikuhitaji mkalimani. Chapati iliyokunjwa na mayai, wanayoiita roleksi, imekuwa chakula cha wamotari asubuhi. Katogo ya ndizi na matumbo ukiagiza Kasindi hakuna anayekuuliza ni nini. Tangu majeshi ya Uganda yaingie mwishoni mwa Novemba 2021 kwa operesheni ya pamoja na FARDC, hata ndani zaidi ya Kasindi watu wamezoea.

Lakini tusijidanganye kwamba kila mtu anakaribishwa. Mgeni anayefungua moto barabarani anaulizwa maswali ambayo mwenyeji haulizwi. Ametoka wapi? Nani alimpokea? Mbona Kiswahili chake ni cha kule? Woga huo nauelewa, tumeuawa vya kutosha na watu waliojifanya wapita njia. Kumwonyesha karatasi zake chefu wa kata ni sawa. Ila mama aliyekimbia M23 kisha akaitwa M23 kwa sababu ya lafudhi, huyo amefukuzwa mara mbili. Nimesikia neno hilo likisemwa mezani, na aliyelisema alikuwa anakula ugali wake.

Na ushuru. Turubai la miezi mitatu linaombwa tikiti ya kila siku sawa na restora ya miaka kumi, na siku nyingine wanapita watu wawili, kila mmoja na kitabu chake. Mimi sisemi wasilipe. Mama wa Kanyabayonga mwenyewe anasema alilipa kule na atalipa hapa. Anachoomba ni mtu mmoja, karatasi moja, na muda kidogo wa kuanza. Nilipopeleka swali hilo kwa wahusika niliahidiwa jibu. Likifika nitalisoma hewani, na hapa pia.

Wenyeji wanaosema wageni wamepandisha bei ya unga hawakosei kabisa, vinywa vimeongezeka. Lakini mashamba ya Bapere na ya upande wa Mbau ambayo hayalimwi kwa sababu ya ADF yanapandisha bei kuliko mtoto yeyote wa Goma.

Kwa familia zilizofika karibuni: wengi wanazima moto kabla giza halijaingia vizuri, kwa hiyo usiongoje saa mbili ya usiku kutafuta chakula. Mukiwa wengi, ombeni sahani moja na vijiko. Hakuna atakayewacheka. Na mama anayetaka kuanza, akina mama wa Butembo waliotangulia wanakutana Jumatatu mchana baada ya kuosha vyombo, wanaazimana sufuria na makala. Anayetaka kuwafikia apige simu kwenye redio, nitamwelekeza.